Malkia wa nyuki kafa, vibarua wameanza kutaga wenyewe. Hii imekaaje wakuu?

Mrina_Itigi

Habari za usiku wakuu. Naomba mnisaidie maana hapa nimekwama kabisa.

Mi nafuga nyuki huku Itigi, nina mizinga 14 ya vijiti vya juu, nimeitundika porini nje kidogo ya kijiji. Kama miezi miwili iliyopita nilienda kurina ule namba tano, nyuki siku hiyo walikuwa wakali sijawahi kuona, kijana niliyekuwa naye wakamwingia kwenye kofia akapata kiwewe akadondosha sega la majana (watoto wa nyuki) chini, tukalikanyaga humohumo gizani, tukafunga mzinga harakaharaka tukakimbia. Nahisi malkia alikuwa kwenye lile sega. Basi nikasema ngoja niwaache watulie.

Juzi nimerudi na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu. Nyuki wamepungua, na wana mlio fulani hivi si ule wa kawaida, kama watu wanaoguna msibani. Malkia sijamwona. Nikasema sawa, yatima hawa. Sasa kilichonishangaza ni kwamba kwenye masega kuna MAYAI. Tena si yai moja moja, kitundu kimoja kina mayai matatu, kingine matano, mengine yamegandishwa ukutani hata chini hayajafika. Majana yaliyozibwa yako hapa na pale, na vifuniko vyake vimetuna kama risasi. Na madume ndo usiseme, wanazurura tu humo ndani kama wapambe wa harusi.

Mzee mmoja hapa kijijini kaniambia "vibarua wako wameasi, wanataga wenyewe", yaani wale nyuki majike wafanyakazi. Sasa mi tangu utotoni naambiwa nyuki ndo mfano wa umoja, kila mmoja na kazi yake na hakuna anayetamani cha mwenzake, hata kanisani kwetu mahubiri ya ushirikiano lazima nyuki watajwe. Kama kibarua alikuwa na uwezo wa kutaga siku zote kwa nini alikuwa hatagi? Na kama wote ni majike mbona wanazaa madume tu? Halafu la muhimu zaidi, nifanyeje, nikitafuta malkia mwingine nikamtia humo watatulia?

BibiManzuki

Pole mwanangu. Mzee wako kasema kweli, hao ni vibarua wanaotaga. Dalili zote umezitaja mwenyewe. Malkia ana tumbo refu, akitaga yai lake linasimama katikati ya sakafu ya kitundu na linakuwa moja. Kibarua tumbo lake fupi, halifiki chini, anaacha yai ukutani, na kwa kuwa wanaotaga ni wengi kila mmoja anapita anaacha la kwake. Hivyo vifuniko vilivyotuna ni majana ya dume kwenye vitundu vya kibarua, hayatoshei, ndo maana yanavimba.

Malkia USITIE. Narudia usitie. Niliwahi kupoteza malkia wawili hapa Tabora kabla sijajifunza. Mzinga wenye vibarua wanaotaga unajihesabu kuwa una malkia tayari, ukimleta mgeni wanamzunguka kama mpira, kesho unamkuta chini ya mzinga amekauka.

Ila niulize kitu kwanza. Pembeni ya masega hukuona kitu kama ganda la karanga kinaning'inia? Angalia vizuri, halafu uniambie tundu lake liko wapi, nchani au ubavuni.

KomredeSega

Hahaha wamefanya mapinduzi hao. Miaka yote malkia anakula maziwa ya nyuki peke yake anazaa peke yake, wenzake wanafanya kazi mpaka mabawa yanachanika. Dikteta kaondoka wananchi wamepumua. Waache bana

Mrina_Itigi

Bibi shikamoo. Nimerudi leo kuangalia. Karanga zipo mbili. Moja imefunguka nchani vizuri kabisa kama mtu kakata kifuniko. Nyingine imetobolewa ubavuni na ndani hamna kitu. Umejuaje???

@KomredeSega we cheka tu, mzinga una kilo zangu za asali humo

BibiManzuki

Marahaba. Basi hadithi yote umeishika mkononi.

Malkia alipokufa walibaki na majana machanga ya kike. Wakachagua machache ambayo hayajafika siku tatu wakaanza kuyalisha maziwa ya nyuki mfululizo, wakayajengea hizo karanga, ndo vyumba vya kulelea malkia. Tangu yai mpaka malkia ni siku 16 hivi, kibarua ni kama 21, dume 24. Sasa mwali wa kwanza kutoka akitoka hasemi "karibuni dada zangu". Anazunguka masega analia piii piii, walio bado ndani ya karanga wanamjibu, na akiwapata anatoboa ubavuni anachoma mwiba. Hiyo karanga yako ya pili ni kaburi la mdogo wake. Iliyofunguka nchani ndiyo ya aliyetoka salama.

Kwa hiyo mwali alipatikana. Halafu ilibidi aruke nje kuolewa, maana malkia haolewi mzingani. Anaruka juu anakutana na madume wa kutoka kila upande, kumi, kumi na tano, hata ishirini, kila dume akimaliza anakufa palepale. Wako hakurudi. Labda alimezwa na ndege hawa wanaokula nyuki, labda mvua, au alikosea mlango. Na wakati huo majana mengine yote yalishakuwa nyuki, hakuna tena cha kutengenezea malkia wa pili. Hapo ndo kama wiki tatu zikipita vibarua matumbo yanafunguka wanaanza kutaga. Na hawa wetu wa huku huwa wanawahi kuliko wale wa Ulaya.

Mwl_Viumbe

Nimechelewa lakini mada hii siwezi kuipita, nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita na hapa huwa wanafunzi wanaamka usingizini.

Kwanza hilo la madume. Kwa nyuki, yai lililorutubishwa linatoa jike, lisilorutubishwa linatoa dume. Dume hana baba. Ana babu lakini hana baba. Aligundua padri mmoja aliyekuwa mfuga nyuki huko Silesia, Johann Dzierzon, mwaka 1845, na watu walimbishia miaka mingi. Sasa kibarua ni jike ila hajawahi kuolewa wala maumbile yake hayamruhusu, kwa hiyo yai lake halina mbegu ya dume na lazima litoke dume tu. Kwa hiyo ndugu Mrina mzinga wako hauna kibarua mpya hata mmoja anayezaliwa. Waliopo wanazeeka, wakiisha umeisha.

La pili ndo tamu. Kwa nini hakuwa anataga siku zote? Watu wengi wanajibu "harufu ya malkia inamzuia". Ni kweli malkia ana harufu inayosambaa mzingani, na majana machanga nayo yana harufu yake, zote mbili zinafanya mayai ya kibarua yasikue tumboni. Lakini tukiishia hapo tunakuwa kama tunasema malkia kawalewesha, na haiko hivyo. Mtu akilewesha watu milioni kizazi baada ya kizazi lazima atazaliwa asiyelewa, na huyo asiyelewa ndo atazaa wengi. Harufu ni taarifa, "mimi nipo na nataga vizuri". Swali ni kwa nini kibarua akiipata hiyo taarifa anatii.

Hapa tuhesabu undugu. Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alieleza kwamba kiumbe anaweza kupitisha jeni zake kwa kuzaa mwenyewe au kwa kumsaidia ndugu azae, inategemea huyo ndugu ana jeni zake kiasi gani na msaada unamgharimu kiasi gani. Chukua kibarua. Akizaa dume wake mwenyewe, undugu ni asilimia 50. Dume wa malkia, yaani kaka yake, ni 25. Kwa hiyo kila kibarua kwa nafsi yake anatamani atage, kaka yake ni nusu tu ya mwanawe. Mpaka hapo mzinga wote ungekuwa vurugu.

Lakini angalia upande wa jirani. Mimi kibarua nikimwona dada yangu anataga, yule atakayezaliwa ni mpwa wangu. Kama tungekuwa baba mmoja mama mmoja, mpwa ni 37.5, bora kuliko kaka. Ila malkia kaolewa na waume kumi na zaidi! Humo mzingani wengi ni mama mmoja baba mbalimbali. Mpwa wa dada wa namna hiyo ni 12.5 tu. Ukipiga wastani kwa waume kumi, mpwa anakuja kama 15, kaka anabaki 25. Umeona? Kila mmoja anapenda atage yeye, halafu akikosa yeye basi bora mama kuliko dada. Kwa hiyo wanachungana.

Na wanachungana kweli. Mwaka 1989 Francis Ratnieks na Kirk Visscher waliweka mayai ya malkia na mayai ya vibarua kwenye mzinga mmoja, baada ya siku moja mayai ya vibarua yalikuwa yameliwa karibu yote, ya malkia mengi yalikuwepo bado. Wanaoyala ni vibarua wenzao, wanayatambua, inaonekana kwa harufu. Ndo maana kwenye mzinga wenye malkia, dume aliye mtoto wa kibarua ni kama 1 kati ya 1000. Wanaojaribu wapo wachache, ila kazi yao inaishia tumboni mwa dada zao.

KomredeSega

Asa mwalimu si unanipa ushindi hapo. Umoja wa nyuki ni umoja wa polisi. Siyo upendo

Mwl_Viumbe

Nusu ushindi. Ratnieks na Tom Wenseleers walitoa utafiti mwaka 2006, walilinganisha aina kumi, nyuki mmoja na nyigu tisa. Kwenye mizinga yenye malkia, pale ambapo mayai ya vibarua yanaliwa kwa ufanisi zaidi ndipo vibarua wachache zaidi wanajaribu kutaga. Hapo polisi wameshinda, umesema kweli. Lakini walipoangalia makundi yasiyo na malkia, ambako polisi hakuna tena, waliokuwa na undugu wa karibu zaidi ndo waliojizuia zaidi. Kwa hiyo undugu nao upo. Wizi unapungua mtaani kwa sababu ya mgambo na kwa sababu majirani ni shangazi zako, vyote viwili.

Na kuhusu dikteta: malkia haamui chochote. Hachagui pa kuhamia. Hata kundi likigawanyika, vibarua ndo wanajenga karanga, wanamnyima malkia mzee chakula mpaka apungue aweze kuruka, wanamtoa nje. Akianza kutaga ovyo wanatengeneza mrithi akiwa bado yupo anatembea. Sijui dikteta gani anaishi hivyo.

Kuna wenzao wa Mexico na Brazili, nyuki wasiouma wanaoitwa Melipona, kwao ni balaa zaidi. Vitundu vyote vina ukubwa mmoja na chakula kinawekwa kikazibwa, kwa hiyo jike akiwa mchanga anajiamulia mwenyewe awe malkia au kibarua. Unadhani wanaamua nini? Mpaka 1 kati ya 5 wanajifanya malkia. Mzinga hauhitaji malkia wote hao, wakitoka tu vibarua wanawaua. Kila siku.

Mkamba_Halisi

Salamu kutoka Mwingi. Nimesoma nikafurahi lakini mwalimu hiyo hesabu yako ya dume hana baba si inaharibika ukifika kwa mchwa? Mchwa ni kama sisi, kila mtoto ana mama na baba, dume ana jeni za pande zote. Huko ndani ya kichuguu kuna malkia amevimba kama kidole gumba na mfalme wake kando, na wafanyakazi wake ni wa kike na wa kiume wote. Na ushirikiano wao hata nyuki hawafikii, wanalima uyoga, wanajenga nyumba inapumua. Sasa hesabu ya 37.5 inaingia wapi hapo?

Mwl_Viumbe

Swali zuri sana na ndo lililowasumbua wataalamu pia. Zamani ilidhaniwa siri yote ni hiyo ya dume asiye na baba, kwamba dada wa baba mmoja wana undugu wa 75 kwa hiyo kusaidia dada kunalipa kuliko kuzaa. Mchwa wakawakatalia.

Kinachoonekana kuwa na uzito zaidi ni ndoa ya mke mmoja mume mmoja huko mwanzo kabisa. Kumbikumbi wakitoka na mvua wanaangusha mabawa, dume na jike wanafuatana, wanachimba, wanajifungia, basi ni hao wawili mpaka kifo. Kila mtoto humo ndani ni ndugu kamili wa mwenzake, undugu 50, sawasawa na mtoto wake mwenyewe. Kama kumlea mdogo wako na kumlea mwanao ni sawa, basi faida ndogo tu ya kubaki nyumbani inatosha kukushawishi ubaki. Mwaka 2008 ulitoka utafiti uliolinganisha aina zaidi ya 200 za nyuki, nyigu na sisimizi, ukaonyesha mababu zao wote walianzia hapohapo kwa malkia wa mume mmoja. Waume wengi walikuja baadaye sana, vibarua walipokuwa wameshazama kwenye kazi hawawezi tena kuolewa. Na waume wengi walipokuja, ndo polisi nao wakaanza kulipa.

Mkamba_Halisi

Sawa hapo umenijibu. Basi na mimi niwape ya siafu, hii ilifanyiwa utafiti hapa kwetu Mlima Kenya ikachapishwa 2010. Siafu malkia wake ni mmoja tu, hana mabawa, haruki, anatembea na jeshi. Watafiti wakatoa malkia kwenye makundi kadhaa waone wale yatima watafanya nini. Mtu angetarajia wafanye kama hao nyuki wa Itigi, waanze kutaga madume. Wapi! Wengi walienda kujiunga na kundi la jirani, jeshi lenye malkia wake. Na siafu hawa kikawaida wakikutana na jeshi lingine hawachanganyiki. Hao wakaingia, harufu zikachanganyika zikawa moja, maisha yakaendelea. Mara nyingi hata si ndugu wa karibu.

Maelezo yao ni kwamba kutaga madume bila malkia kwa siafu hakuna tija kabisa, afadhali nguvu zako ukampe jirani, maana katika eneo hilo jirani hakosi kuwa jamaa wa mbali.

Sisi kwetu tunasema tu siafu hana huruma, kumbe akifiwa anahamia kwa jirani

MbongoPretoria

Nimeona mada nikaona nisipite kimya. Niko Afrika Kusini mwaka wa tisa, nafanya kazi na mtu mwenye mizinga mingi. Ndugu Mrina, shukuru Mungu vibarua wako wanataga madume. Huku kuna wanaotaga MAJIKE.

Kusini kabisa, maeneo ya Rasi, kuna nyuki wa asili wanaoitwa nyuki wa Cape. Kibarua wa huyo, bila kuolewa, anataga yai linalotoka jike. Yaani anajizaa mwenyewe, binti yake ni kama pacha wake. Kwao kusini hakuna shida kubwa wamezoeana. Mwaka 1990 wafugaji wakapandisha mizinga kama 200 ya hao nyuki kuja kaskazini, kwenye eneo la nyuki wa savana, ambao ni haohao wa kwenu Tabora na Singida. Basi ikawa msiba. Kibarua wa Cape anaingia kwenye mzinga wa wenyeji kimyakimya, anaanza kutaga, mayai yake yana harufu kama ya malkia kwa hiyo hao polisi wa mwalimu wanapita tu hawayali. Wanaozaliwa hawaendi kutafuta chavua wala nekta, wanakula tu na kutaga. Malkia mwenyeji anapotea, mzinga unadhoofika unakufa, wale wanatoka wanatafuta mwingine. Maelfu kwa maelfu ya mizinga imekwenda hivyo na mpaka leo bado wanatusumbua.

Wataalamu walipopima jeni zao wakakuta hao wavamizi wote wametokana na kibarua MMOJA. Nyuki mmoja wa mwaka 1990 mpaka leo anajirudia. Bosi wangu anawaita ile saratani, na kwa kweli ukifikiria inafanana, kiungo kimoja cha mwili kimeamua kujizalisha.

KomredeSega

Duh. Hapo mi nanyamaza

Sega_Tupu

Kwa wenye shida kama ya mtoa mada njia rahisi ni hii, beba mzinga mita mia hivi, kung'uta nyuki wote chini, rudisha mzinga mtupu mahali pake. Vibarua wanaotaga ni wazito hawajui kuruka wanabaki kule, wazima wanarudi. Nimeisikia kwa wengi

BibiManzuki

Mwanangu hiyo nimeijaribu zaidi ya mara moja na nikawatia rangi nyuki niliowakuta wanataga. Walirudi. Kibarua anayetaga anaruka vizuri tu, si kama malkia. Na wala si mmoja wa kumtafuta umtoe, wako wengi, wengine wanataga wengine wako njiani.

Njia ninazozijua zinazofanya kazi ni mbili. Kama nyuki wamebaki wachache na wamezeeka, na kwa maelezo yako naona ndivyo, changanya na mzinga wenye nguvu. Weka karatasi ya gazeti katikati yenye vitundu vidogo, waitafune polepole, mpaka wakutane harufu zimeshazoeana. Mzinga wenye malkia mzuri utawameza, na polisi wa mwalimu watamaliza hayo mayai.

Ya pili ni ya subira. Kila wiki toa sega moja lenye mayai na majana machanga yasiyozibwa kwenye mzinga mwingine, pukuta nyuki wote wasije na malkia wao, litie humo. Mwalimu keshasema harufu ya majana inafunga matumbo ya vibarua. Wiki ya kwanza usitegemee kitu. Ya pili huenda. Ya tatu kama wataanza kujenga karanga kwenye sega ulilowapa, basi wamekubali kwamba hawana malkia. Kwa kuwa mizinga yako ni ya kipimo kimoja hilo utaliweza. Ila unakausha mzinga mwingine, na hawa nyuki wetu ukiwafungulia sana wanaudhika wanahama. Mimi ningechanganya.

Mrina_Itigi

Asanteni sana wote. Nimesoma mara tatu. Kitu kimoja bado kinanikereketa mwalimu, hao vibarua wangu wanajua mzinga unakufa? Wanazaa madume wa nini sasa, si bora wangekaa wale asali yao kwa amani?

Mwl_Viumbe

Kujua sidhani. Lakini wale madume si wa bure. Ni wadogo kwa kuwa wamelelewa kwenye vitundu vya kibarua, ila mbegu wanazo na wanaruka kwenda kukutana na mwali wa mzinga wowote ule wa karibu. Hapo polisi wameacha kazi kwa sababu hakuna tena mayai ya mama ya kulinda. Asali iliyobaki inageuzwa madume wengi iwezekanavyo kabla nyumba haijaanguka. Huenda mwakani mzinga wako namba tisa ukawa na vibarua ambao baba yao alizaliwa kwenye namba tano.

Kinyume chake pia kimewahi kuonekana, Australia miaka ya 1990 Ben Oldroyd na wenzake walieleza mzinga wenye malkia mzima kabisa lakini madume wengi ni wa vibarua, mayai yao yalikuwa yanaponyoka kwa polisi. Ni nadra sana lakini ipo.

Mrina_Itigi

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, huku mtandao mpaka upande kichuguu.

Bibi unisamehe sikuchanganya. Nilijua ni ukaidi ila niliona uchungu na ule mzinga, ndo wa kwanza kuchonga mwenyewe. Nikafuata ile ya pili. Wiki ya kwanza niliwapa sega kutoka namba tisa, wakalitunza vizuri, majana wakayalisha, lakini pembeni mayai matatu matatu yakaendelea kama kawaida. Wiki ya pili nikatia lingine kutoka namba tatu, mayai ya ukutani yakapungua, nikahesabu vitundu sita tu. Na ule mguno umeisha, sijui nielezeje, mzinga ulikuwa na mlio mwingine. Wiki ya tatu nikakuta karanga tatu. Nilishika kifuniko nimesimama kama mjinga, yule kijana anauliza kaka vipi umeng'atwa?

Nikazihesabia siku. Jana jioni nimekwenda, moja imefunguka nchani, mbili zimetobolewa ubavuni. Sikumtafuta mwali nisije nikamuua tena. Namba tisa wamenikasirikia, wamepunguza kabisa kuingiza chavua, ila wapo.

Sasa ninavyoandika hapa ni saa tano asubuhi, jua limewaka, na kwenye mninga ulio mbele ya manzuki (hapa penye mizinga) wamekaa ndege wanne, wale wanaokula nyuki. Nina manati na mawe mfukoni.

BibiManzuki

Nimekusamehe. Wafukuze mpaka saa kumi, mwali huwa anaruka mchana jua likiwa kali. Na usiufungue huo mzinga wiki mbili.